Sauti ya Mama Kwenye Redio ya Kijapani

Mmeniuliza sana, wengine kwa simu, wengine mmenisimamisha sokoni Darajani nina samaki mkononi: ilikuwaje tukafika Jambiani baada ya alasiri, na watu walitungoja kwa chakula cha mchana? Na ilikuwaje gari likasimama mbele ya nyumba ya bwana harusi, vigelegele vimeshaanza, mlango ukawa haufunguliwi? Basi nimechemsha chai yangu, nimekaa, nawaandikia nyote kwa mara moja. Nikisimulia mara ishirini, kila mara itaongezeka chumvi.

Mnaonijua mnajua kwamba nilitunza kanda za redio kwa miaka mingi kabla sijastaafu. Sauti naijua. Naijua ikiwa mbichi, naijua ikiwa imechakaa, na mtu wa kunifundisha namna ya kuihifadhi bado sijamwona. Hilo liwekeni akilini, maana ndilo lililoniponza.

Kutoka Mji Mkongwe

Bibi harusi, Rahma, ni mtoto wa marehemu dada yangu Asha. Asha alituaga Rahma akiwa hajaota meno, na aliyemlea ni mama yangu, kule kwetu Matemwe. Sasa, katika ukoo wetu tuna mila yetu. Bibi harusi akifikishwa kwa mumewe hateremki mpaka bibi yake amwimbie, na wimbo ukimalizika bibi humwita kwa jina, naye huitikia "Naam." Akishaitikia ndipo mlango unapofunguliwa. Mimi na Asha bibi yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo Mama alitushikia zamu hiyo yeye mwenyewe. Baadaye akawaimbia wajukuu wote waliomtangulia Rahma.

Lakini mwaka jana Mama alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakamtoka yote, likabaki moja tu: "Haya." Ukimuuliza kama anataka uji, haya. Ukimwambia mvua inakuja, haya. Ukimuuliza ni wapi panapomuuma, haya. Nikamchukua nikakaa naye kwangu mjini, awe karibu na hospitali.

Rahma aliponipigia simu kunipa habari ya harusi hakuomba dhahabu wala ngoma. Alisema, "Mama mdogo, mimi nataka niteremke kwa sauti ya bibi. Basi."

Nikamjibu, "Hiyo niachie mimi."

Nilikuwa na sababu ya kujiamini. Siku ya harusi ya Asha nilibeba kinasa sauti cha kazini nikaurekodi wimbo wote, tangu Mama anakohoa kusafisha koo mpaka Asha anaitikia. Kanda ile ilipoanza kuoza niliihamishia kwenye kompyuta. Na kuna jambo ambalo sikumwambia mtu. Rahma hajapata kuisikia sauti ya mama yake tangu apate akili, na mwisho wa kanda ile ipo: "Naam," moja tu, ya msichana mwenye haya. Hiyo ndiyo zawadi niliyomwekea.

Niliihifadhi kwa FLAC. Kwa wasiojua, faili la namna hiyo linaweka sauti nzima kama ilivyorekodiwa, halitupi kitu. MP3 inapunguza, inatupa inachodhani sikio halitakikosa, ili faili liwe dogo. Mimi siku zote nimesema FLAC ni tui zito na MP3 ni tui la pili, na sauti ya mama yangu siipikii tui la pili. Nikalitia faili kwenye flashi mpya kubwa, nikaifunga kwenye leso, nikaitia kifuani.

Gari langu ni dogo na lina mbonyeo ubavuni, halifai kubebea bibi harusi. Jirani yangu Bwana Sefu akaniazima lake, jeupe, limefika juzi tu kutoka Japani. Kuijaribu redio yake sikuijaribu. Kwa nini nijaribu? Redio yangu inacheza kila kitu.

Tulitoka saa mbili asubuhi. Kutoka nyumbani mpaka lilipo gari ni mwendo wa dakika tano kwa mtu mzima, lakini kwa Mama na mkongojo wake ilikuwa nusu saa. Kila baraza lina mtu wa kumwamkia. "Shikamoo Bi Tatu!" Na Mama, badala ya marahaba, "Haya." Vespa mbili zilisimama zikatungoja tupite uchochoro, na wenye vespa hawakupiga honi, Mungu awabariki.

Nilipowasha gari, mwanamke ndani ya redio alitusalimia kwa Kijapani, maneno marefu yenye adabu. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu, "Haya."

Nikacheka peke yangu mpaka Mtoni. Pale nikatoa flashi nikaichomeka, nimpe Mama sauti yake njiani. Redio ikafikiri. Ikaandika mstari wa Kijapani. Ikanyamaza. Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka tena. Mstari ule ule. Redio hiyo haina tundu la waya wala haiungani na simu. Na simu yangu, hata kama ingelikuwa na wimbo huo, sauti yake mbele ya harusi ni mbu. Nilifika Mahonda nimeshaipigapiga redio ya watu makofi matatu.

Kinyasini

Kinyasini nikaona duka la stesheneri limeandikwa kwa mkono ukutani: fotokopi, picha za pasi, kuweka nyimbo kwenye flashi. Mwenye duka ni mama mmoja wa makamo aitwaye Zena, mchangamfu, ana miwani kwenye paji la uso na mingine kwenye pua. Akamwona Mama garini anatota jasho, akaja mwenyewe kumshika mkono, akamweka kwenye kiti mbele ya feni.

Nikamweleza shida yangu. Akaitazama flashi, akalitazama gari, akatikisa kichwa.

"Redio za Kijapani hizi hazili kila kitu, dada. Zinakula MP3. Hii yako sijui FLAC ndo nini, hazijapata kuionja."

"FLAC ndiyo sauti yenyewe," nikamwambia. "MP3 ni makapi."

"Sawa, dada. Lakini gari linataka makapi."

Nikamwambia aibadilishe basi, lakini asiiguse ile ya asili. Ama nadhani nilimwambia. Hapo ndipo ninapojiuliza mpaka leo, kwa sababu nikikasirika huwa nasema nusu ya maneno na nusu nayawaza tu. Akaanza kazi. Mimi nikavuka barabara kutafuta chai, maana tulitoka bila ya kula. Nikakuta maandazi ya moto na maharage ya nazi, na foleni. Nikasimama foleni. Nilirudi na kifurushi, nikamkuta Zena ameshamaliza na Mama anatabasamu mbele ya feni.

Tukachomeka flashi. Bibi Mjapani akasema yake, kisha, wallahi, sauti ya Mama ikajaa gari. Sauti ile ya zamani, yenye nguvu, inayoanza chini na kupanda:

*Nakwita mwana nakwita, itika nikusikie,*
*Mlango nimeupita, na wewe uupitie…*

Nilikuwa tayari kulia. Mama alinyanyua uso. Halafu, kati ya pumzi na pumzi, ikakatika. Kimya kidogo, ikaanza upya kutoka mwanzo. Ikafika pale pale, ikakatika.

Nikarudi ndani. Zena akaangalia, akajipiga kofi la paja. Programu yake ilikuwa ya kujaribia, haijalipiwa, na kwa miaka ameitumia kukatia milio ya simu. Hakupata kubadilishia wimbo mzima hata siku moja, nyimbo zake zote humjia ni MP3 tayari. Kumbe haivuki dakika moja.

"Si neno," nikasema. "Tutakata vipande vipande. Dakika moja, tena dakika moja, mpaka iishe. Fungua ile ya asili."

Akanitazama katikati ya miwani yote miwili.

"Ipi, dada? Si nshaifuta. Flashi yako ilikuwa kubwa, redio isingeiona, ilibidi niifomati."

"Nani alikwambia ufute?"

"Nlimuuliza bibi. Nikamwambia, 'Bibi, nkifomati yaliyomo yatafutika, nfute?' Akasema haya. Nikamuuliza, 'Yote, bibi?' Akasema haya." Akavua miwani ya puani. "Mtu mzima ashasema haya, mie ni nani?"

Jamani. Nilitaka kupiga ukelele, na nadhani nilipiga kidogo. Alilifungua faili humo humo kwenye flashi, hakulinakili kwenye kompyuta yake. Lakini ningemlaumu nani? Mwanamke kauliza kwa heshima, kajibiwa na mkubwa, na kwetu mkubwa akishasema haya mazungumzo yamekwisha. Ningekuwa mimi ningefuta pia. Mwenye kosa ni aliyemwacha mama yake dukani bila ya kueleza kwamba haya yake haina kizuizi.

Nakala nyingine ilikuwepo, nyumbani, kwenye kompyuta, ndani ya nyumba iliyofungwa kwa sababu waliomo wote wameshakwenda Jambiani. Kurudi mjini na kuja tena ni asubuhi yote. Rahma ameshapambwa anangoja. Nikapiga hesabu ya njia, nikaona haiwezekani.

Zena alikataa malipo. Alimbusu Mama mkono wake uliolegea, akamwomba radhi. Mnajua alichojibiwa.

Matemwe

Tulifika Matemwe jua limeshapanda. Ndugu zetu hawakuuliza kwa nini tumechelewa, walitukalisha kwanza mbele ya bokoboko na samli, na mtu mwenye bokoboko mbele yake hawezi kuwa na huzuni ya kweli. Nilikula sahani mbili. Katikati ya sahani ya pili nikajiambia: wewe si ulisema niachie mimi? Haya, umeachiwa.

Rahma alikuwa chumbani, mikono imejaa hina, ushungi wa zari kichwani. Mama aliingizwa, akamshika uso kwa mkono wake mzima, akaushika muda mrefu. Rahma akamwambia, "Shikamoo bibi," na akajibiwa, "Haya," na wote waliokuwemo chumbani wakatazama pembeni.

Nikawatoa watu, nikamwambia ukweli.

"Rahma, sauti ya bibi nimekuja nayo, lakini ni nusu. Beti la kwanza tu. La pili limepotea, na mwito wa jina umepotea. Ni kosa langu."

Akasema, "Nusu si haba, mama mdogo. Wengine hawana hata hiyo."

Nililia, nawaambieni. Nililia kwa sababu hakujua alichopoteza. Lile "Naam" la mama yake sikumtajia. Nilijipa moyo kwamba atalisikia siku nyingine, nikijua kabisa kwamba siku nyingine si siku hiyo.

Shangazi mmoja akajitolea kuimba beti lililobaki. Nikamshukuru, nikamkatalia. Mila yetu inataka bibi, na bibi yupo hai, amekaa kitini. Huwezi kumwekea mtu naibu mbele ya macho yake. Na mimi msiniulize. Nikiimba, paka wa mtaa mzima huhama.

Njia ndefu ya mashariki

Tukatoka, magari manne, letu mbele. Rahma na Mama nyuma, mimi usukani. Tukafuata pwani, Kiwengwa, Pongwe, Uroa, na flashi ikicheza ile dakika yake. Ningeweza kuizima, lakini Rahma aliniomba niiache. Ikafika inapokatika, kimya, ikaanza upya. Sijui tuliisikia mara ngapi. Hata Bibi Mjapani alinyamaza.

Karibu na Chwaka askari wa barabarani akatusimamisha. Akainama dirishani, akamwona bibi harusi, akatabasamu, akatupa mkono wa kheri. Kisha akatega sikio.

"Mama, huu wimbo wenu hauna mwisho?"

"Mwisho wake uko mjini kwenye kompyuta," nikamwambia.

Alifikiri namtania. Akaanza kunihoji: kwani nyimbo siku hizi zinanunuliwa vipande? Tena akamwita mwenzake aje asikilize. Wakasimama wawili dirishani mpaka ikakatika mara mbili, na yule mwenzake akasema kwa uhakika kabisa kwamba redio inataka kufutwa vumbi. Gari la nyuma yetu, kuona askari wawili wameinama, wakadhani tumekamatwa. Wajomba wakateremka na kanzu zao kuja kutuombea. Tukapoteza robo saa kwa kuelezana kwamba hakuna kosa.

Dunga, Tunguu, tukaingia msitu wa Jozani. Kule lazima uende polepole, kima wanavuka wakitaka. Tulisimama kumpisha mmoja aliyebeba mtoto tumboni, na katika kusimama kule Rahma akanigusa bega.

"Mama mdogo. Bibi ananigonga kidole mkononi, anafuata wimbo."

"Kidole chake hakijaumwa," nikasema. "Mkono ule ni mzima."

"Sikiliza basi. Redio ikikatika, yeye haachi. Anaendelea kugonga. Anamaliza kitu, halafu ndo anatulia."

Nikatazama kwenye kioo. Mama alikuwa amefumba macho. Redio ilikatika, na kidole kikaendelea, taratibu, kikihesabu mizani ninazozijua, za beti la pili. Nikahesabu nami: kimegonga beti zima. Nimeishi na sauti za watu maisha yangu yote na sikupata kufikiri kwamba wimbo unaweza kukaa mahali ambapo maneno yameshahama.

Jambiani

Paje, kisha Jambiani. Mwani umeanikwa kando ya nyumba, watu wamejaa barabarani, pilau tunaisikia harufu kabla hatujasimama. Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa. Nikaliegesha gari mbele ya mlango wa bwana harusi kama inavyotakiwa, nikateremsha vioo vyote vinne. Vigelegele vikapanda. Mama yake bwana harusi akashika kitasa cha mlango wa gari, na wajomba zetu wakamwambia, "Subiri kidogo, bibie. Kwetu kwanza anaimbiwa."

Watu wakanyamaza. Nikapandisha sauti ya redio mpaka mwisho.

*Nakwita mwana nakwita, itika nikusikie,*
*Mlango nimeupita, na wewe uupitie…*

Ikakatika. Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye flashi. Kabla haijaanza upya, nikaichomoa.

Kimya kile, wallahi, kilikuwa kirefu kuliko njia yote ya kutoka Matemwe. Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Imeharibika?" Nilitazama kwenye kioo. Kidole cha Mama kilikuwa kinagonga juu ya hina ya Rahma. Nikasema moyoni, Mama, usiniangushe, na nikaona aibu hapo hapo, maana aliyeangusha mambo siku ile ni mimi.

Kwanza ilitoka sauti bila ya neno, nyembamba, imekwaruza. Ikashika njia ya wimbo. Na neno likaja likiwa limepanda juu ya sauti:

*Kwenu tunakungojea, taa hatutaizima,*
*Siku utayorejea, njoo mwanangu mzima.*

Yote. Hakuruka silabi. Mama ambaye mwaka mzima hakuweza kuomba maji aliimba beti zima mbele ya watu wa Jambiani. Wanawake waliokuwa karibu na dirisha walishika midomo. Mimi niliegemea usukani nikaacha machozi yashuke.

Kisha akaita. Si kwa kuimba, kwa sauti ya kuita mtu aliye chumba cha pili.

"Asha!"

Waliotoka Matemwe wote wakainamisha vichwa. Asha hayupo, na kila mmoja wetu alijua hayupo, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Mama alikuwa amefumbua macho, anamtazama mtu aliye mbele yake chini ya ushungi wa zari, anangoja. Nilijua hasa anachongoja. Nilikuwa nacho kwenye kompyuta, mjini, kizima.

Rahma alifunua ushungi kidogo, akageuka, akamshika bibi yake mkono ule uliolegea.

"Naam, mama," akasema.

Mama akamtazama. Akapumua.

"Haya," akasema.

Nikafungua mlango.